Diski Mbili Si Nakala Mbili

Siku hizi hapa Kigali si ajabu kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida ukakuta, kando ya ruta ya intaneti, kisanduku cheusi chenye taa ndogo za kijani zinazometameta usiku na mchana. Hakina kioo wala kibodi. Mgeni asiyekijua hudhani ni redio iliyoharibika. Kumbe ndani yake mna diski mbili, au nne, na humo ndimo watu wa nyumba ile wanamotunza picha zao, barua zao, hati za kiwanja na nyimbo walizorekodi. Simu na kompyuta zote za nyumbani huweka na kuchukua vitu humo kwa njia ya mtandao wa nyumba. Katika makala hii nitakiita ghala, maana kazi yake ni ile ile ya ghala la mahindi: kuweka akiba ya watu wengi mahali pamoja.

Ghala la mahindi likichakaa, mwenyewe hujenga jingine akahamisha magunia. Ghala hili nalo huchakaa. Feni huanza kukoroma, kampuni iliyolitengeneza huacha kuliletea programu mpya, na mwenyewe huenda mjini kununua jipya. Nataka kueleza juu ya uhamisho huo, kwa sababu siku ya kuhama ni siku ya hatari kuliko zote, na hatari yenyewe hutokana na imani moja ambayo nimeisikia kwa wakubwa na kwa wanafunzi wenzangu. Imani hiyo husema: "Diski zangu ni mbili, kwa hiyo nina nakala mbili."

Kwanza tuone diski ni kitu gani. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Chombo hiki si kipya sana. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, na zote pamoja ziliweza kutunza herufi kama milioni 5 tu. Diski moja ya terabaiti 4, ambayo yaingia katika mfuko wa koti, hutunza herufi milioni milioni 4. Yaani ingehitaji mashine 800,000 za namna ile. Wanafunzi wa zamani wa shule hii waliosoma kwa ubao na chaki watasamehe nikisema kwamba maktaba yetu yote ingeingia humo na nafasi ikabaki. Lakini kila kinachozunguka huchakaa, kama mpira wa baiskeli, na hakuna fundi awezaye kusema kitapasuka siku gani.

Kwa sababu hiyo mafundi wakabuni kuunganisha diski. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko juu ya namna ya kutumia diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya bei ghali. Walijua kwamba diski zikiwa nyingi, ajali nazo huwa nyingi. Kwa hiyo walieleza njia za kuziweka hata moja ikifa kazi isisimame. Mpango huo huitwa RAID. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kioo: kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa saa ile ile katika ya pili. Ikifa moja, unaichomoa, unaweka mpya, na ghala hujaza diski mpya kutoka kwa ile iliyobaki. Ni jambo jema sana.

Lakini angalia neno kioo. Ukisimama mbele ya kioo ukanyoa nywele, je, yule wa ndani ya kioo hubaki na nywele zake? Ukifuta picha katika diski ya kwanza, yafutika pia katika ya pili, kwa nukta ile ile. Mwizi akibeba kisanduku, abeba zote mbili. Radi ikipita katika waya wa umeme majira ya mvua za Machi hadi Mei, ambazo sisi wa Kigali hatuhitaji kuelezwa, haichagui diski. Tena kuna programu za kiharamia ambazo huingia na kufunga mafaili yote kwa kufuli, kisha hudai fidia. Januari 2022 moja iliyoitwa Deadbolt ilishambulia maelfu ya maghala ya kampuni ya QNAP na kudai bitikoini 0.03 kwa kila mwenye ghala. Kioo hakikumsaidia mtu yeyote pale, maana kilifungwa pande zote mbili.

Basi kioo kazi yake ni kufanya ghala lisisimame. Nakala kazi yake ni kurudisha kilichopotea. Ni kazi mbili mbalimbali, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Mjomba wangu hupiga picha za harusi huko Nyamirambo. Ghala lake lilikuwa la mwaka 2013, lenye diski mbili za terabaiti 4 zilizofungwa kwa mpango wa kioo, na ndani yake terabaiti 3 zilikuwa zimejaa. Humo mlikuwa na kazi yake yote ya miaka mingi, na pia faili moja dogo sana: picha ya kaka yake bibi yetu, aliyeuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Karatasi yenyewe iliharibiwa na unyevu baada ya kupigwa picha kwa kompyuta. Hakuna sura yake nyingine popote duniani. Wasomaji wa nchi hii wajua kwamba nyumba zilizo na picha moja tu ya namna hiyo ni nyingi.

Likizo iliyopita mjomba alinunua ghala jipya la kampuni nyingine, akaniita nimsaidie. Nilipofika alikwisha chomoa diski za zamani na kuzitia katika kisanduku kipya. Kompyuta ikaonyesha maneno kwamba diski zitaandaliwa upya, na chini yake kitufe cha kuendelea.

"Mjomba, tafadhali subiri kidogo. Kitufe hicho chafuta."

"Diski ni mbili, mwanangu. Hata moja ikifutwa, nyingine ipo."

"Lakini zote mbili zimo humo, Mjomba. Kitazifuta zote."

Akaondoa mkono.

Tulizima kisanduku, tukarudisha diski katika ghala la zamani kwa utaratibu zilivyokuwa, nalo likawaka kama kwamba halikuguswa. Ndipo tukaanza kazi upya, na yafuatayo ni yale tuliyoyafanya, pamoja na sababu zake.

Kanuni ya nakala ijulikanayo zaidi ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala ziwe tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Ghala lenyewe ni nakala ya kwanza, hata likiwa na diski kumi. Ya pili ni diski ya nje inayounganishwa kwa waya wa USB, ambayo baada ya kazi huchomolewa na kufungiwa sandukuni. Diski iliyochomolewa haipigwi na radi ya waya wala haifikiwi na haramia. Ya tatu iko kwa ndugu wa mji mwingine, au imehifadhiwa kwa kampuni kwa njia ya intaneti.

Wengine husema intaneti peke yake yatosha. Tufanye hesabu, maana hesabu hii yaweza kufanywa na kijana wa mwaka wa kwanza. Terabaiti 3 ni megabaiti 3,000,000. Kama mstari wa nyumbani wapeleka megabiti 20 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 2.5, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Gawanya: sekunde 1,200,000, yaani karibu siku 14, usiku na mchana, pasipo umeme kukatika. Kwa diski ya nje yenye kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ni sekunde 30,000, yaani saa 8 na dakika 20. Kwa mlango wa USB wa zamani, upelekao kama megabaiti 30, ni karibu saa 28. Mjomba alipoona hesabu hii alifahamu kwa nini nilitafuta kwanza mlango wenye rangi ya buluu nyuma ya kisanduku. Tena intaneti ina njia zake za kuharibika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano yakapungua katika nchi nyingi za upande wetu, Rwanda ikiwa mojawapo. Ni njia njema kwa nakala ya tatu, hasa ukiipeleka pole pole, lakini si ya kutegemea siku unapohitaji mafaili yako jioni hii.

Wakati wa kunakili kuna jambo dogo liwezalo kuharibu kazi. Diski nyingine za nje na flashi zimeandaliwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, usiopokea faili lolote la gigabaiti 4 au zaidi. Sinema ya harusi hupita kipimo hicho upesi. Kwa hiyo tuliiandaa diski kwa mtindo wa exFAT kabla ya kuanza. Kwa kunakili tulitumia rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Ubora wake ni kwamba hulinganisha pande mbili na kupeleka tofauti tu. Ukikatikiwa na umeme katikati, waianza tena bila kurudia yaliyokwisha pita. Lakini ina amri moja ya kufuta huku kile kilichofutwa kule, na ukiitumia bila kufikiri umegeuza nakala yako kuwa kioo kingine.

Umeme ulikatika kweli, mara moja, usiku wa kwanza. Ghala lilikuwa limeunganishwa na betri ya UPS, kwa hiyo hapakutokea kitu. Mwenye ghala asiye na betri hiyo namshauri ainunue kabla ya kununua hata ghala jipya.

Nakala ikisha, je, tumemaliza? Hapana, bado hatujui kama ni nakala. Mwaka 1998, wakati kampuni ya Pixar ikitengeneza sinema ya Toy Story 2, mtu alitoa amri ya kufuta na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka. Wakaenda kwenye nakala zao, wakakuta hazifai. Waliokolewa na mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwake kwa sababu alikuwa amejifungua na kufanyia kazi huko. Fikiria: kampuni yenye mafundi wa kila namna, ikaokolewa na kompyuta ya mama mwenye mtoto mchanga.

Kujaribu nakala kwafanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua katika kompyuta nyingine kabisa, ambayo haijapata kuliona ghala lile. Tulitumia ya jirani. Tulifungua harusi ya mwaka wa kwanza, harusi ya mwaka wa mwisho, na nyingine za katikati pasipo kuchagua, kisha picha ya kaka yake bibi. Njia ya pili ni ya hesabu. Kuna programu ambayo hupitia faili lote na kutoa alama moja, kama alama ya kidole gumba. Kwa mtindo uitwao SHA-256 alama hiyo ni tarakimu na herufi 64. Ukibadili nukta moja tu ya picha, alama yote yabadilika. Basi unatoa alama za mafaili yote ya ghala, unatoa za nakala, unalinganisha orodha mbili. Kompyuta yetu ilifanya hivyo usiku kucha, na asubuhi hapakuwa na tofauti hata moja.

Sasa kuhama kwenyewe. Kuna njia mbili, na kosa la watu ni kuzichanganya. Kama ghala jipya ni la kampuni ile ile, mara nyingi diski zaweza kuhamishwa zenyewe. Habari za mpango wa RAID huandikwa ndani ya diski, si ndani ya kisanduku, kwa hiyo kisanduku kipya huzisoma na kuzitambua. Hata hivyo yafaa kusoma kwanza orodha ya kampuni juu ya kisanduku gani chapokea diski za kisanduku gani, kuleta programu ya ghala la zamani hadi toleo la karibuni, kuandika namba 1, 2, 3 juu ya kila diski kwa karatasi ya gundi, kuzima kwa utaratibu, na kuzitia katika nafasi zile zile. Ghala jipya litauliza kama wataka kuhamia au kuanza upya. Kuanza upya maana yake ni kufuta. Kama mafaili yamefungwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo uwe umenakiliwa nje ya ghala, la sivyo umehamisha sanduku na kutupa funguo zake. Tena angalia masharti ya kampuni kuhusu diski za wengine. Aprili 2025 Synology ilitangaza kwamba baadhi ya visanduku vyake vipya vitabana diski zisizo zake; wanunuzi wakalalamika, na Oktoba mwaka huo huo sharti likalegezwa. Mambo ya namna hii hubadilika, wala muuza duka hakuambii.

Kama ghala jipya ni la kampuni nyingine, usihamishe diski. Tia diski mpya katika ghala jipya, waache mawili yasimame pamoja katika mtandao wa nyumba, kisha nakili kutoka moja hadi jingine. Mjomba alitaka kuokoa fedha kwa kuzitumia diski za zamani, na nilimweleza hivi: ukiwa na ghala na diski moja ya nje, una nakala mbili. Lakini dakika ile unapofuta ghala ili kuliandaa upya, umebaki na moja tu, na hiyo moja yatumwa kufanya kazi ya saa nane mfululizo, ikisomwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama ni siku yake ya kufa, huenda ikafa siku hiyo. Kwa hiyo hesabu nakala ulizo nazo wakati wa hatari, usihesabu zile ulizokuwa nazo jana. Asiyeweza kununua diski mpya za ghala, hana budi kuwa na nakala mbili nje kabla ya kufuta. Mjomba akanung'unika kidogo, akaenda mjini, akarudi na diski mbili.

Jambo hili halihusu nyumba peke yake. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri uliwaka katika kituo cha kompyuta za serikali huko Daejeon, Korea ya Kusini. Ghala la mafaili la watumishi wa serikali, terabaiti 858, likateketea, na nakala ya nje haikuwapo, eti kwa sababu lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi hiyo hutengeneza kompyuta na kuziuza duniani kote. Hapa kwetu, kwa upande mwingine, Kumbukumbu ya Gisozi ilifunguliwa mwaka 2004, na Desemba 2010 ikazinduliwa Genocide Archive of Rwanda, hazina ya ushuhuda, picha na hati katika kompyuta, kwa ushirikiano na maktaba za Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. Nakala zimetunzwa Marekani pia. Nayo mahakama za gacaca, zilizofunga kazi Juni 2012, ziliacha kurasa zinazokadiriwa kuwa karibu milioni 60, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Karatasi hizo hazikuwa na pacha. Kila ukurasa uliopigwa picha kwa kompyuta umepata wa pili kwa mara ya kwanza. Nionavyo mimi, watu walioifanya kazi hiyo walifahamu maana ya neno nakala vizuri kuliko mafundi wa Daejeon.

Ghala jipya la mjomba lafanya kazi. Programu yake imepangwa kutunza hali ya mafaili ya kila siku kwa siku 30, ili kilichofutwa leo kwa bahati mbaya kipatikane wiki ijayo. Diski ya nje huunganishwa kila Jumapili jioni, kisha huchomolewa. Na ghala la zamani hatukulitupa. Limekwenda Huye kwa shangazi, pamoja na diski zake zile zile. Mjomba huliletea harusi mpya kila baada ya miezi mitatu, akienda kuwasalimu. Diski zile zina umri, najua, na siku moja zitakufa; lakini kwa sasa picha ya kaka yake bibi iko mahali patatu, katika miji miwili, na shangazi ameichapisha pia katika karatasi akaitundika ukutani.

Chama cha Kompyuta hukutana kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha fizikia. Mwanafunzi au mwanafunzi wa zamani mwenye ghala la kuhamisha aje nalo, pamoja na diski tupu moja ya nje, na asifute kitu kabla ya kufika.